HAKI YA MKIMBIZI: POSHO AU SOKO?

Hii ni risala fupi juu ya mas'ala yaliyozungumzwa sana mabarazani na misikitini katika pwani yetu tangu mwaka 1991, na yakazungumzwa zaidi mwaka 2025, posho ya wakimbizi wa Dadaab na Kakuma ilipopunguzwa hata ikawa chini ya theluthi ya kipimo chake. Mas'ala yenyewe ni haya: mtu aliyekimbia vita akaingia katika nchi isiyo yake, ana haki gani juu ya wale waliomwona akiingia? Na dola za ulimwengu zikikusanyika zikampa unga na hema na maji na dawa, je, haki hiyo imekwisha kutimizwa, au iko iliyosalia?

Tumewasikia watu wamegawanyika mafungu mawili. Wako wasemao: Hawa wamelishwa miaka thelathini na zaidi, sasa na watosheke. Na wako wasemao: Waliokata posho ni Wazungu, basi lawama ni yao, na sisi hatumo. Sisi twaona kwamba mafungu yote mawili yanashindana juu ya gunia la unga, na hali mas'ala hayamo ndani ya gunia. Tutalieleza neno hili kwa kadiri ya uwezo wetu, na mwenye kuliona lina kasoro na aturudi kwa hoja, tutamsikiliza.

Kwanza yapasa kukumbusha mambo yalivyokuwa, kwani vijana wetu wa leo hawakuyaona. Mwezi wa Januari 1991 Siad Barre alifukuzwa Mogadishu, na baada yake hapakusimama serikali ya kushika mahali pake. Vita vikawa vya ukoo kwa ukoo. Watu wa miji ya pwani ya Banadir, wa Mogadishu na Marka na Barawa, wengi wao wakiwa ni wafanyi biashara na mafundi na watu wa elimu, wasio na jeshi wala ukoo wenye nguvu wa kuwalinda, wakawa mawindo ya kila apitaye na bunduki. Waliporwa mali, wakauawa, wanawake wakavunjiwa heshima zao. Aliyeweza kupanda chombo alipanda. Vyombo vikateremka kusini vimelemewa na watu, na viko vilivyozama kabla ya kufika bandarini. Asiyekuwa na nauli alikwenda kwa miguu mpaka akavuka mpaka Liboi.

Na hao wa Barawa si wageni kwetu. Lugha yao ya Chimiini ni tawi la Kiswahili, na mtu wa Lamu akiisikiliza kwa makini hupata mengi ndani yake. Sheikh Muhyiddin bin Sheikh al-Qahtani, aliyekuwa Kadhi Unguja katika karne ya kumi na tisa, alikuwa mtu wa Barawa. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, naye Kadhi wa Unguja, alikuwa mtu wa Barawa. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyeieneza tarika ya Qadiriyya mpaka Unguja na mrima wake, alikuwa mtu wa Barawa pia, akauawa mwaka 1909. Yaani silsila ya elimu yetu imepita katika mikono ya watu wa mji ule, na wajukuu wao ndio walioshuka Mombasa mwaka 1991 hawana kitu ila nguo walizovaa.

Wakawekwa katika kambi: Utange, na Marafa kule upande wa Malindi, na Benadir, na Swaleh Nguru. Wenye jamaa walikaa kwa jamaa zao. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, kambi hizo za pwani zilifungwa zote. Baadhi ya watu wake walichukuliwa Marekani, wengine wakarejea katika nchi isiyotulia, na wengine wakapelekwa kambi za bara, Dadaab na Kakuma, mbali na bahari na mbali na kila kazi waliyoijua.

Dadaab, kwa asiyepafahamu, ni mahali pakavu katika nchi ya Garissa, si mbali na mpaka wa Somalia. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, na Hagadera na Dagahaley mwaka 1992. Zilipangwa ziwe za watu 90,000. Mwaka 2011, njaa na ukame vilipoungana na vita, walifika zaidi ya watu 450,000. Mji mkubwa kuliko miji mingi ya Kenya, na katika ramani haukuwa mji.

Tena liko jambo ambalo wengi wamelisahau. Kabla ya mwaka 1991 wakimbizi nchini Kenya walikuwa maelfu machache, wengi wao kutoka Uganda, na serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiangalia shauri la kila mmoja. Aliyekubaliwa alikaa apendapo, akafanya kazi, na walimu wa Kiganda walisomesha katika skuli za Kenya. Mwaka 1992 wakimbizi walipopita 400,000, wa Somalia na Ethiopia na Sudani, serikali iliwakabidhi kwa Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na hukumu ikawa moja: mkimbizi makao yake ni kambini. Tangu hapo mas'ala yakageuka. Alikuwa ni mtu aingiaye katika mji, akawa ni kinywa cha kulishwa nje ya mji.

Mwenye insafu hawezi kuacha kuwashukuru waliotenda. Kipimo kamili cha chakula kilichowekwa ni kalori 2,100 kwa kila mtu kila siku: nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Visima vilichimbwa, watoto wakachanjwa, skuli zikafunguliwa, na maelfu ya watu waliokuwa wafe mwaka 1992 na mwaka 2011 hawakufa. Haya si madogo. Mtu alaye chakula cha mtu kisha akamtukana mwenye chakula amekosa adabu, na sisi hatutaki risala hii isomwe kwa namna hiyo.

Lakini yapasa kufahamu jinsi mambo haya yaendavyo, kwani wengi hudhani kwamba Umoja wa Mataifa una hazina yake ya kulishia wakimbizi. Hauna. Shirika la Chakula hutegemea hiari ya watoaji, na Shirika la Wakimbizi karibu fedha zake zote ni za hiari. Kila mwaka huandikwa hesabu ya mahitaji, ikapelekwa kwa dola, na kila dola hutoa itakacho, na mara nyingi husema fedha hizi ni za nchi kadha wala si za nchi kadha. Vita vinavyoonekana zaidi ndivyo vipatavyo zaidi. Boutros Boutros-Ghali, Mmisri aliyekuwa Katibu Mkuu, alilalamika waziwazi mwaka 1992 kwamba wakubwa wa Baraza la Usalama wameishughulikia vita ya Yugoslavia, akaiita vita ya matajiri, na Somalia wameiacha ife njaa. Ndipo mwezi wa Disemba mwaka ule Marekani ikateremsha majeshi Mogadishu kulinda chakula. Wakapigana na waliokuja kuwasaidia, wakafa hawa na wale. Wamarekani wakaondoka mwaka 1994, na Umoja wa Mataifa mwaka 1995. Majeshi yalikwenda zao na wakimbizi wakabaki Ifo, na soko lao kubwa pale wakaliita Bosnia. Sisi hatujui neno la dhihaka lililo kali kuliko jina hilo.

Mwaka 2024 karibu nusu ya fedha za Shirika la Chakula zilitoka Marekani peke yake. Mwaka 2025 serikali mpya ya huko ilipoamua kukata misaada ya nchi za nje, posho ya Dadaab na Kakuma ikaanguka. Hapakuwa na ukame mpya pale wala hapakuwa na kosa walilolitenda. Mama wa Hagadera alipewa kidogo kwa shauri lililokatwa Washington na watu wasiomjua, ambao kwa sheria yao hawakuwa na deni naye. Sadaka ya hiari mwenyewe aweza kuiacha wakati wowote, na akiiacha hashtakiwi. Basi ikiwa maisha ya mtu yote yamefungwa kwa sadaka ya aliye mbali, huyo hana haki mkononi, ana bahati tu.

Na kwa nini maisha yake yote yafungwe kwa sadaka? Kwa sababu njia nyingine zilizibwa. Mkimbizi wa kambini akitaka kwenda Garissa au Nairobi au Mombasa, hata kwa matibabu, yampasa apate hati ya ruhusa. Kufanya kazi kwataka kibali, na waliokipata ni wachache mno. Akisomesha au akiuguza katika mashirika yaliyomo kambini, hulipwa sehemu ndogo ya alipwayo mwenyeji kwa kazi ile ile, na malipo hayo hayaitwi mshahara, huitwa motisha. Mtoto aliyezaliwa Ifo mwaka 1992 amekuwa mtu mzima, ameoa, ana watoto, na bado ni mgeni aliyefika jana. Kwetu sisi mgeni husifiwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Huyu wa Dadaab miaka thelathini amenyimwa jembe, kisha akalaumiwa kwa kula.

Sasa natuitazame sharia yetu na sira ya Mtume wetu, kwani hakuna umma uliojua khabari ya kukimbia kama umma huu, na tarehe yetu yenyewe yahesabiwa kwa mwaka wa kukimbia.

Muhajirina walipofika Madina, Mtume (S.A.W.) hakuwajengea kambi nje ya mji. Aliwafunga udugu na Ansari, mtu na mtu. Abdurrahman bin Awf (R.A.), aliyekuwa mfanyi biashara Makka na akaacha mali yake huko, alifungwa udugu na Saad bin Rabii (R.A.), naye Saad alikuwa katika matajiri wa Madina. Saad akamwambia kwamba atagawa mali yake nusu kwa nusu. Tazama ukarimu huo; hakuna dola ya leo iliyoufikia. Na Abdurrahman alijibu nini? Alimwombea Saad baraka katika mali yake na watu wake, kisha akaomba aonyeshwe soko liliko. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa. Akaenda, akauza na kununua, akarudi jioni na samli na jibini kavu alizozichuma. Haukupita muda mrefu ila alikuja kwa Mtume (S.A.W.) na athari ya manukato ya harusi, amekwisha kuoa.

Wengi wetu tumeihadithia khabari hii kwa kumsifu Saad, na anastahili. Lakini itazameni kwa upande wa muhajiri. Yeye aliona iko neema iliyo bora kuliko nusu ya mali ya mtu, nayo ni njia ya sokoni. Na kwamba njia ile ilikuwa wazi, hilo ndilo alilotendewa na mji mzima, si na Saad peke yake. Hakuna aliyesimama mlangoni mwa soko akamuuliza hati. Lau Ansari wangalimpa unga kila mwezi na kumkataza soko, angaliishi, na pengine angalishukuru, lakini asingalikuwa Abdurrahman yule aliyekuja baadaye kutoa misafara mizima katika njia ya Mwenyezi Mungu.

Akisema msemaji: Mfano huu haulingani. Abdurrahman na Saad walikuwa wa dini moja na lugha moja, na Madina ilikuwa mji wa waumini. Twamjibu: Basi itazame hijra iliyotangulia, ya Uhabeshi, katika mwaka wa tano wa Utume. Waliokimbilia kule walikuwa Waislamu, na Najashi aliyewapokea alikuwa mfalme wa Kinasara, lugha yake si yao wala damu yake si yao. Makureshi wakamtuma Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia wamwendee na hedaya za ngozi, kwani ngozi za Makka zilipendwa huko, na mawaziri wake wakapewa hedaya kabla yake ili wamshauri kuwatoa. Najashi alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akasema mbele yake aliyoyasema, na Najashi akazirudisha zile hedaya. Waislamu wakakaa katika nchi yake kwa amani na ujirani mwema, wengine miaka kumi na tatu, mpaka mwaka wa Khaybar, wakazaa watoto huko, na miongoni mwa hao ni Abdullah bin Jaafar.

Hedaya zile za ngozi zatupa funzo la wakati wetu. Amr alileta mali ili wakimbizi waondolewe mlangoni. Siku hizi ziko dola zitoazo mali ili wakimbizi wasifike mlangoni. Mwezi wa Machi 2016 dola za Umoja wa Ulaya ziliagana na Uturuki juu ya Washami waliokuwa wakivuka bahari kwenda Ugiriki: wavukao warudishwe, na Uturuki ipewe fedha za kuwatunza, ambazo jumla yake ni yuro bilioni 6. Fedha hizo zililisha watu na kusomesha watoto, hatukatai. Lakini mtu mwenye akili na ajiulize, katika fedha hizo ni ngapi sadaka na ngapi bei ya kutokuwa jirani. Mwishoni mwa mwaka 2024 wakimbizi wa dunia walihesabiwa milioni 42.7, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi maskini na za kadiri. Matajiri hutoa fedha, na maskini hutoa ardhi.

Na sharia haikuweka amani kwa Muislamu tu. Katika Surat at-Tawba, aya ya sita, Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake ampe ulinzi hata mshirikina aombaye ulinzi, kisha amfikishe mahali pa amani yake. Na hii yasemwa katika sura ya vita. Wanachuoni wetu wakajenga juu ya hayo mlango mzima wa amani, wakasema hata Muislamu mmoja wa kawaida akimpa mtu amani, amani yake yashika.

Tena hao waandikao sheria za mataifa, wasiokuwa katika dini yetu, walifika karibu na hapo. Mkataba wa Geneva wa tarehe 28 Julai 1951 uliandikwa kwanza kwa ajili ya watu waliotawanywa na vita vya Ulaya, na mwaka 1967 ukaongezwa Itifaki iliyoondoa mpaka ule wa wakati na mahali. Dola za Afrika nazo zikaandika wao Addis Ababa mwaka 1969, wakawaingiza na waliokimbia fujo na uvamizi. Watu hudhani kwamba mkataba wa 1951 wasema jambo moja tu, kwamba mkimbizi asirudishwe kwenye hatari. Hilo limo, katika sharti la 33. Lakini limo na sharti la 17 juu ya kufanya kazi ya mshahara, na la 26 juu ya kwenda atakapo, na yako mengine juu ya skuli na mahakama. Kwa hiyo walimwandikia njia ya sokoni, kisha dola nyingi zilizotia sahihi zikachukua sharti moja na kuyaacha mengine, na dola tajiri zikalipa posho ili kuacha huko kusiumize sana. Ndiyo maana tumesema posho yaweza kuwa rehema, na yaweza kuwa pazia.

Akisema msemaji: Mwayasema haya na mwasahau damu. Mwezi wa Septemba 2013 waliuawa watu Westgate, na tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika chuo cha Garissa, na wauaji walijificha katika watu hawa. Twamjibu: Damu ile hatukuisahau, na mwuaji hana amani katika sharia yoyote. Mpelelezi wa adui hakupewa ulinzi hata katika vitabu vya fiqhi. Lakini dhambi ya mtu haiandikwi juu ya jirani yake, na aliyekimbia watu hao hao waliouua mji wake hawi mshirika wao kwa kuwa lugha yao ni moja. Serikali ilipotangaza mwezi wa Mei 2016 kwamba Dadaab itafungwa na watu warejeshwe, Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha amri ile mwezi wa Februari 2017, kwa sababu ilikuwa ni kuadhibu kundi zima. Sisi twaona hukumu ile ililingana na sharia, ijapokuwa aliyeihukumu hakuhukumu kwa fiqhi yetu.

Akisema tena: Vijana wetu wenyewe hawana kazi. Mkimbizi akifunguliwa soko atawanyang'anya tonge. Hii ndiyo hoja yenye uzito, na asiyeiona uzito wake hajakaa Kisauni wala Majengo. Ni kweli kwamba watu elfu wakishuka katika mtaa mmoja kodi ya nyumba hupanda, na mchukuzi wa bandarini hukuta mwenzake anayekubali ujira mdogo zaidi. Yuko mwenye kuumia, naye pia ni jirani mwenye haki, na mtawala yapasa amwangalie. Lakini itazameni Eastleigh ya Nairobi. Baada ya 1991 Wasomali waliokimbia, pamoja na Wasomali wa Kenya, waligeuza nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge ikawa maduka, na mtaa ule ukawa soko la nguo na vyombo liendewalo na wanunuzi kutoka nchi za jirani. Kodi na ushuru wa pale vyaingia hazina ya Kenya. Mtu yule yule kambini alikuwa hesabu ya unga. Basi anayehofia tonge yake na apime: ni nani amchukuaye zaidi, afanyaye kazi au akatazwaye kazi akangoja kulishwa, na mlishaji akichoka akaja mjini usiku kwa njia ya siri, hana hati, na kwa sababu hana hati hukubali ujira wowote? Ujira washushwa na kukosa hati kuliko ushushwavyo na kuwapo kwake.

Sheria ya wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imefungua mlango kidogo, na mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe miji ambamo mkimbizi na mwenyeji hutumia skuli moja na hospitali moja na soko moja. Jina ni zuri na twauombea kheri. Ila ulizinduliwa mwaka ule ule misaada ilipokatwa, na mtu aliyenyimwa mtaji miaka thelathini hawi mfanyi biashara kwa kuambiwa mlango uko wazi.

Hapa ndipo lifikapo neno la pili tulilolisikia, kwamba lawama ni ya Wazungu na sisi hatumo. Sisi tumo. Zaka ni fardhi kwetu, si hiari kama fedha za dola, na mafungu yake manane yametajwa. Mkimbizi aingia humo kwa mlango wa ufakiri na umaskini, na mara nyingine kwa mlango wa mwananjia. Watu hutuuliza: Je, yafaa kuwapa Shirika la Wakimbizi zaka zetu, kwani tangu mwaka 2019 lina mfuko wake wa zaka na wako wanachuoni waliotoa fatwa ya kuujuzisha? Jawabu letu ni kwamba anayefuata fatwa ile amefuata wenye elimu. Lakini mtu wa madhhabi ya Shafii akumbuke kwamba kauli itegemewayo katika madhhabi yetu ni kutokuihamisha zaka kutoka mji iliyowajibikia ikiwa wanaostahiki wamo humo, ijapokuwa wako wanachuoni wa madhhabi waliojuzisha kuihamisha kwa haja. Na wanaostahiki wamo. Wako wakimbizi Mombasa na Malindi, wamekaa vyumbani na watoto wao, hawamo katika daftari la posho yoyote kwa sababu walikataa kukaa kambini. Aliyemo mjini ni wa mji huo katika hukumu hii, haulizwi alizaliwa wapi.

Na atapewa kiasi gani? Desturi yetu ni kugawa zaka kwa shilingi za karatasi mwezi wa Ramadhani, kila mtu kidogo, na mstari mrefu mlangoni, na mwaka ujao watu wale wale husimama mstari ule ule. Hiyo nayo ni Dadaab ndogo. Imam Nawawi katika Majmuu amenakili kauli za wanachuoni wetu kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za ufundi wake, kichache au kingi, na mwenye biashara hupewa rasilmali kwa kadiri ya biashara aijuayo, mpaka faida yake imtoshe. Wakatoa mifano: muuza mboga apewe dirhamu tano au kumi, na muuza johari apewe dirhamu elfu kumi ikiwa biashara yake haisimami kwa chini ya hizo.

Basi mshona kofia wa Barawa aliyeko mtaani kwenu, mwenye kushona kwa mkono wake kofia mnazozivaa sikukuu, yafaa katika madhhabi yenu kumpa katika zaka kitambaa, uzi, sindano, na kodi ya kibanda mpaka kofia zimtoshe. Na yapasa apewe awe mwenye kumiliki, si karadha ya kurudishwa, kwani karadha haiangushi fardhi ya zaka kwa mtoaji. Wallahu aalam.